Namna ya kuweka mipaka kwenye huduma ya kupeleka dawa nyumbani bure

Swali hili linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Tulianza kwa kuwapelekea wazee watatu, sasa tunapelekea nusu ya mtaa. Tufanyeje?" Mwingine anauliza kama ana haki ya kumkatalia mteja. Mwingine ameshafuta huduma yote kwa hasira Jumatatu asubuhi, na Jumatano akairudisha baada ya kupigiwa simu na binti wa mgonjwa. Kama mfamasia, nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naliandika.

Haya ni ya mwenye famasi ndogo au msimamizi wake: wafanyakazi wachache, dereva mmoja (awe wa gari, pikipiki au baiskeli, mimi nitamwita dereva tu), na huduma iliyoanza kwa wema bila karatasi yoyote. Nyingi zilianza hivyo mwaka 2020, wakati wa korona, watu walipoambiwa wasitoke nje. Korona ikapungua, mazoea yakabaki.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusipotezeane muda. Mpaka unaodumu unasimama juu ya maswali mawili: nani kweli hawezi kufika kaunta, na dawa gani inaweza kusafiri bila kuharibika. Ukipanga mipaka kwa kuangalia nani anapiga kelele zaidi, mpole aliyelala kitandani ndiye atakayekosa dawa, na mwenye sauti ataletewa vitamini mlangoni.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Daftari au jedwali la kompyuta la kuandikia kila safari.
- Orodha ya wateja wote mnaowapelekea dawa sasa, pamoja na namba zao za simu.
- Gharama za mwezi za huduma hii: mshahara wa dereva, mafuta, matengenezo, bima, simu, mifuko.
- Boksi la baridi na kipimajoto kidogo cha kuwekwa ndani yake.
- Masharti ya leseni yako na kanuni za mamlaka ya dawa ya nchi yako kuhusu dawa kutoka nje ya famasi. Soma mwenyewe, usitegemee "nilisikia".
- Mikataba uliyosaini na bima, hospitali au nyumba za kutunzia wazee. Kama mmoja wao unakutaka upeleke dawa, sharti hilo huwezi kulibadilisha peke yako.
- Mtu mmoja, kwa jina, mwenye mamlaka ya kuruhusu safari za dharura. Mmoja tu. Wakiwa wawili, wateja watajua yupi ni laini.

Hatua ya 1: Hesabu safari kwa wiki 4 bila kubadilisha chochote

Usianze na tangazo. Anza na daftari. Kila safari iandikwe: tarehe, saa oda ilipoingia, saa dereva alipotoka na aliporudi, kilichobebwa (dawa ya cheti cha daktari, dawa ya kununua bila cheti, au bidhaa kama sabuni na nepi), nani alipokea, na sababu ya mteja kutokuja mwenyewe.

Kwa nini wiki 4? Dawa za kudumu nyingi hutolewa za mwezi. Ukihesabu wiki moja, wagonjwa wengi wa presha na kisukari hutawaona kabisa, kisha utaweka mipaka kwa watu usiowajua.

Safu ya sababu ndiyo yenye utajiri wote. Mimi nilipoanza kuijaza, nilitegemea kuona "haoni vizuri", "amevunjika nyonga", "anaishi peke yake". Hizo zilikuwepo. Lakini neno lililojirudia kuliko yote, kwa mwandiko wa msaidizi wangu, lilikuwa "amezoea". Siku moja dereva alitoka mara 3 kwenda nyumba moja: asubuhi dawa ya mzee, mchana mafuta ya mtoto, jioni kurudisha chenji.

*Kosa la kawaida:* kuacha safu ya sababu wazi kwa kuona haya kuuliza. Uliza kwa upole: "Mama, nikuandikie kwamba ni miguu inayokusumbua, au kuna sababu nyingine?" Watu hujibu.

Hatua ya 2: Jua safari moja inakula nini

Chukua gharama zote za mwezi, gawa kwa idadi ya safari. Wengi huhesabu mafuta tu na kuishia hapo. Ongeza dakika za msaidizi anayepokea simu, anayefunga mfuko, anayemwelekeza dereva aliyepotea. Halafu linganisha na faida unayobaki nayo kwenye mfuko mmoja wa kawaida wa dawa za mwezi. Faida, usichukue mauzo.

Hesabu ya muda nayo ni muhimu kama ya pesa. Tuseme safari moja, kwenda na kurudi, inachukua dakika 25, na mnatoka mara 14 kwa siku. Hizo ni dakika 350, karibu saa 6 za dereva barabarani. Mifuko hiyo hiyo 14 ikipangwa kwenye mizunguko miwili inayofuata barabara moja, kila mzunguko unaweza kuisha ndani ya saa moja na nusu. Umeokoa karibu nusu ya muda huo bila kumkatalia mtu yeyote. Ndiyo maana nasema watu wengi wanaotaka kuanza kutoza pesa wangeanza kwanza na ratiba.

Hatua ya 3: Amua nani anastahili

Andika vigezo ambavyo msaidizi mpya anaweza kuvitumia bila kukuita. Mimi natumia hivi:

1. Hawezi kutoka nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, ulemavu, upasuaji wa karibuni, au siku za kwanza baada ya kujifungua.
2. Ana ugonjwa unaomlazimu kujitenga, au kinga yake imeshuka kiasi kwamba foleni ni hatari kwake.
3. Anamhudumia mtu asiyeweza kuachwa peke yake.

Atakayetimiza kimoja anapelekewa bure. Asiyetimiza hata kimoja anakuja kaunta, anamtuma mtu, au analipia safari kama umeamua kuwa na huduma ya kulipia.

Umri peke yake usiufanye kigezo. Kuna mzee wa miaka 80 anayetembea kuja famasi kila wiki kwa sababu ndiyo matembezi yake na maongezi yake. Ukimzuilia ndani umemnyima vyote viwili, na wewe umepoteza nafasi ya kuona kama mikono imeanza kutetemeka. Na kuna mwenye miaka 30 aliyefungwa plasta kutoka kiunoni hadi kidole.

Kila ruhusa iwe na tarehe ya mwisho. Aliyevunjika mguu mpe wiki 8, kisha mpigie. Asiyetarajiwa kupona, mpitie mara moja kwa mwaka. Bila tarehe, orodha inaongezeka tu, haipungui.

*Tahadhari:* usidai barua ya daktari kwa kila mtu. Unamtesa yule asiyeweza kutoka ili athibitishe kwamba hawezi kutoka. Mwamini mteja, andika alichosema, endelea.

Hatua ya 4: Gawa dawa kwenye makundi matatu

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, maana wanafikiria wateja na kusahau dawa zenyewe.

*Zinazokwenda bila shida.* Vidonge na vidonge vya ganda vya kutumia kila siku, ambavyo mgonjwa ameshavizoea. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30 za Selsiasi. Gari lililofungwa juani linapita nyuzi 40 upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo mfuko haubaki kwenye gari dereva akienda kula.

*Zinazokwenda kwa masharti.* Kwanza ni zile za friji, nyuzi 2 hadi 8: insulini ambayo haijafunguliwa, baadhi ya matone ya macho ya glakoma (presha ya macho), sindano kadhaa za kisasa. Hizi zinabebwa kwenye boksi la baridi lenye kipimajoto, zinafikishwa mwanzo wa mzunguko, na mteja anathibitisha kwa simu kwamba yupo kabla dereva hajatoka.

Niruhusu nikae kidogo kwenye insulini. Watu wanaogopa joto, lakini baridi kali ni mbaya vile vile. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa kichupa cha insulini kilichosafiri kimelaliana na pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha. Kilirudi kwa sababu mteja hakuwepo. Nilipokiinua kwenye mwanga niliona vipande vidogo vyeupe vimeshikamana na kioo upande ule uliogusa barafu. Insulini ikishaganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Tangu siku ile pakiti ya barafu inafungwa kwa kitambaa, na katikati yake na dawa kuna kipande cha boksi. Nimeweka pia kikomo: saa 2 kutoka mlango wa friji hadi mkononi mwa mgonjwa.

Masharti mengine ni ya dawa za unga wa kuchanganya na maji, kama amoksilini ya watoto. Ikichanganywa famasi, siku zake zimeanza kuhesabika. Ikipelekwa ikiwa unga, mzazi lazima aelezwe achanganye na maji kiasi gani, kwa njia gani. Chagua moja na uiandike, la sivyo kila msaidizi atafanya lake.

*Zisizokwenda kwa mzunguko.* Weka hapa dawa zinazodhibitiwa kisheria, kama mofini na diazepam. Mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961 na 1971 ndiyo mizizi ya udhibiti huo, lakini kanuni za kila nchi zinatofautiana kuhusu nani anaweza kuzibeba na nani kuzisaini. Kama sheria ya kwako inaruhusu zipelekwe, apeleke mfamasia mwenyewe au mfanyakazi aliyetajwa kwa jina kwenye utaratibu wako, kwa kusaini pande zote. Kumbuka mgonjwa wa saratani nyumbani anaihitaji mofini kuliko mtu mwingine yeyote anavyohitaji chochote kwenye orodha yako. Kundi hili usiligeuze kisingizio cha kumwacha na maumivu.

Weka hapa pia dozi ya kwanza ya dawa inayohitaji kufundishwa: pampu ya pumu, kalamu ya insulini, warfarini (ya kuzuia damu kuganda). Mara ya kwanza mgonjwa au anayemtunza aje, ashike, aonyeshe anavyofanya. Asiyeweza kabisa kuja, mfamasia ampigie simu, ikiwezekana kwa video, siku hiyo hiyo dawa inapofika.

Na zile za kukimbizana na saa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vya levonorgestreli vinatumika ndani ya saa 72 baada ya tendo, na nguvu yake inapungua kadiri saa zinavyopita. Dawa za kinga baada ya kukutana na hatari ya VVU nazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Hizi hazisubiri mzunguko wa Alhamisi. Msaidizi amwambie mteja aje sasa hivi, au amwite mwenye mamlaka ya dharura.

Hatua ya 5: Weka umbali, siku na saa

Pima umbali kwa dakika. Kilomita 3 za barabara nzuri ni karibu kuliko kilomita moja yenye daraja linalofungwa. Chora eneo la dakika 15 kutoka famasi na uliite eneo la bure. Aliye nje ya hapo aelekezwe famasi iliyo karibu naye. Kuna siku atahitaji dawa haraka, na hapo jirani atamfaa kuliko wewe.

Chagua siku 2 au 3 za mzunguko kwa wiki. Oda iliyoingia kabla ya saa 10 alasiri inakwenda mzunguko unaofuata, iliyochelewa inasubiri. Kila mgonjwa wa kudumu anapata safari moja ya bure kwa mwezi, na moja ya ziada kama daktari amebadilisha dawa. Bidhaa zisizo dawa zinapanda mfuko wa dawa kama mfuko tayari unakwenda. Peke yake, nepi haina safari.

Usimwahidi mtu saa kamili. Mwambie "kati ya saa 4 na saa 7", na dereva apige simu akiwa njiani. Ukimwambia saa 5, saa 5 na dakika 10 simu ya kaunta inalia.

Hatua ya 6: Unganisha tarehe za dawa za mteja mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, maana inapunguza safari na mgonjwa anafurahi.

Angalia kinachotokea. Mgonjwa ana dawa mbili, kila moja kidonge kimoja kwa siku. Moja iko kwenye pakiti ya vidonge 28, nyingine 30. Mwezi wa kwanza zinaachana siku 2. Baada ya pakiti 6 zimeachana siku 12, na wewe unapeleka mara mbili kwa mwezi bila kujua kwa nini. Ongeza dawa ya tatu iliyoanzishwa katikati ya mwezi, unafika mara tatu.

Fanya hivi: hesabu vidonge vilivyobaki vya kila dawa (mwombe mteja au mwanawe asome kwa simu), chagua dawa inayoisha mwisho, kisha toa za kujazia kwa zile nyingine ili zote zifike siku ile ile. Kama cheti au bima haikubali idadi isiyo kamili, mpigie daktari na umweleze. Andika tarehe moja ya mwezi kwenye kadi ya mteja. Siku 5 kabla yake mpigie: "Baba, dawa zako zinakuja Alhamisi. Kuna iliyobadilishwa? Kuna uliyoacha kutumia?" Swali hilo la mwisho limenionyesha mifuko mingi iliyokuwa inarundikana kabatini bila kufunguliwa.

Hatua ya 7: Sheria za mlangoni

Dereva azijue kwa moyo.

- Aulize "Naomba jina kamili na mahali unapoishi", halafu alinganishe na mfuko. Asiseme "Wewe ndiye fulani?" Mtu mwenye haraka, au asiyesikia vizuri, ataitikia ndiyo.
- Dawa inakabidhiwa mkononi mwa mtu mzima, anasaini. Haiachwi kwenye ngazi, juu ya geti, wala kwenye sanduku la barua. Watoto wanachunguza, mbwa wanatafuna.
- Jirani hapewi, isipokuwa mgonjwa amesema mapema na imeandikwa.
- Nje ya mfuko kuna jina na anwani tu. Jina la dawa halionekani.
- Dereva hajibu maswali ya dawa. Anapiga famasi na kumkabidhi mteja simu.
- Asiyepatikana: simu mbili, karatasi isiyotaja dawa, mfuko unarudi famasi siku hiyo hiyo. Jaribio la pili ni mzunguko unaofuata. Hakuna la tatu.

Kifungu hicho cha mwisho kina tundu moja. Mzee anayeishi peke yake, ambaye huwa anafungua kila mara, leo kimya: huyo usimwandike "hakupatikana" na kuendelea na safari. Piga namba ya ndugu aliyeandikishwa, na ndugu asipopatikana piga huduma ya dharura ya eneo lenu.

Dawa iliyokwisha kukabidhiwa hairudi kwenye rafu, hata kama boksi halijafunguliwa. Hujui ilikaa dirishani au wapi.

*Kosa la kawaida:* kundi la WhatsApp la oda, ambamo msaidizi anatuma picha ya cheti, anwani na namba ya simu, na dereva aliyeacha kazi mwezi uliopita bado yumo. Mpe dereva karatasi ya mzunguko yenye majina na anwani pekee. Akirudi, airudishe.

Hatua ya 8: Andika ukurasa mmoja

Kama utaratibu wako hauenei kwenye ukurasa mmoja, umeandika mengi. Nani, wapi, siku zipi, mara ngapi, dawa zipi hazipelekwi, nini kinatokea mteja akikosekana, na nani anaruhusu dharura. Bandika kaunta, weka nakala kwenye mfuko wa dereva. Maneno yawe ya kawaida. "Mteja anayestahiki kwa mujibu wa kifungu cha 3(b)" yaachie wanasheria.

Hatua ya 9: Toa taarifa

Mpe kila mteja wiki 6. Ukitoa chini ya mwezi, kuna mgonjwa wa dozi ya mwezi ambaye hatasikia lolote hadi siku mfuko usipofika. Wiki 6 zinahakikisha kila mmoja amefikiwa na angalau mfuko mmoja wenye karatasi ndani.

Lakini karatasi haitoshi. Wale ambao safari yao ya bure inakoma, wapigie mwenyewe, mmoja mmoja. Mimi huwa nasema hivi:

"Shikamoo mama, ni mfamasia wako. Nina taarifa kuhusu dawa kuletwa nyumbani. Wiki 6 kuanzia leo, tutaanza kupeleka kwa wasioweza kutoka tu. Wewe najua unatoka, kwa hiyo tutakuwekea dawa zako tayari hapa kaunta, hutapanga foleni. Siku ukiumwa ukashindwa kutoka, nipigie, tutakuletea."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazobeba simu nzima. Unampa kitu (hapangi foleni) na unamwachia mlango (akiumwa). Usilie kuhusu gharama za mafuta. Yeye naye ana zake.

*Tahadhari:* usimwachie dereva kazi ya kutoa habari hii mlangoni. Yeye ndiye atakayetukanwa, na kesho atapeleka kimya kimya kwa wakati wake ili asitukanwe tena.

Hatua ya 10: Anza, kisha pitia baada ya miezi 3

Anza siku moja kwa wote. Endelea kuandika daftari lile lile. Baada ya miezi 3 angalia namba nne: safari kwa wiki, mifuko iliyorudi, dharura zilizoruhusiwa, na wagonjwa wa kudumu waliochelewa kuchukua dawa. Hiyo ya nne ndiyo ninayoiangalia kwanza. Mgonjwa wa kifafa au wa presha ambaye zamani dawa ilimfika tarehe 5, sasa ni tarehe 14 na hajaja, huyo mpaka wako umemuumiza. Mpigie leo, na umrudishe kwenye orodha kama anastahili.

Mambo yakikwama

*"Famasi nyingine inapeleka bure kwa kila mtu."* Inawezekana. Mjibu kwa utulivu kwamba anaweza kwenda huko, na umpe kumbukumbu za dawa zake aende nazo. Usishindane kwa kulegeza kigezo kimoja kwa mteja mmoja. Habari husambaa mtaani kabla dereva hajarudi.

*Dharura zimekuwa nyingi kuliko mizunguko.* Soma sababu zilizoandikwa. Zikiwa nyingi ni "aliishiwa", tatizo liko hatua ya 6, simu za siku 5 kabla hazipigwi. Zikiwa ni "msimamizi aliruhusu" bila maelezo, tatizo ni wewe.

*Mteja anasema hawezi kutoka, lakini wafanyakazi wanamwona sokoni.* Kwanza, kuna magonjwa yenye siku nzuri na siku mbaya. Aliyeonekana sokoni Jumamosi huenda baada ya hapo alilala kitandani siku 3 nzima. Subiri tarehe ya ruhusa yake iishe, kisha uliza hali yake upya. Usimfanyie upelelezi.

*Daktari au zahanati ya jirani inawaahidi wagonjwa kwamba "watakuletea".* Peleka ule ukurasa mmoja kwa mkono, zungumza na mtu wa mapokezi. Mara nyingi ndiye anayeahidi, kwa nia njema kabisa.

*Simu zimezidi wiki ya kwanza.* Kawaida. Weka mtu mmoja wa kuzipokea saa fulani za siku, wengine waendelee kuhudumia kaunta. Kwangu zilitulia wiki ya tatu.

*Umeamua kutoza ada kwa wasiostahili bure, na sasa wanaolipa wanadai safari ya papo hapo.* Waambie tangu mwanzo kwamba ada inanunua nafasi kwenye mzunguko, hainunui dereva wa peke yao. Na ukitoza, toa risiti. Pesa inayopita mkononi mwa dereva bila karatasi itakuletea ugomvi kati ya watu wawili waaminifu.

*Mzunguko umejaa kupita kiasi.* Usiongeze siku haraka. Angalia kwanza ni mifuko mingapi ilirudi mwezi uliopita. Kama mfuko 1 kati ya 6 unarudi, dereva anafanya kazi ya bure, na dawa ya kuponya hilo ni simu moja asubuhi kabla hajatoka.

*Dereva anaumwa.* Amua leo nani anashika nafasi yake, na huyo naye asome sheria za mlangoni kabla ya siku hiyo kufika. Kwetu aliyeshika nafasi mara ya kwanza alikuwa mpwa wangu, kijana mwema, na mifuko 4 akaiacha kwa mlinzi wa geti kwa sababu mlinzi "anawajua wote".